Mama Sili na Bomba Lililonyamaza

Shangazi yangu ana mkono wa kulia mnene kuliko wa kushoto. Si ugonjwa, ni kazi. Tangu nipate akili namjua kama mtu wa kufunga. Alianza halmashauri ya mji kwa kufunga na kufungua valvu za mabomba makubwa yaliyofukiwa barabarani, zile zinazozungushwa kwa chuma kirefu, mtu anainama kama anakaza dunia isivuje. Halafu ukame ulipoingia wakampandisha cheo, wakampa kofia na mkoba wa begani, akawa anafunga watu. Namaanisha mabomba ya watu, ila ukimuuliza aliyefungiwa atakwambia hakuna tofauti.

Mtaani wakambatiza Mama Sili. Sili yenyewe ni kipande cha plastiki nyekundu chenye waya. Anaupitisha waya kwenye mpini wa bomba, anauzungusha shingoni mwa bomba, anavuta, inalia krrk, na kuanzia hapo bomba lako ni pambo la ukuta. Ukiikata haiungiki. Ukiikata kwa siri, yeye atajua, na wewe utatamani ungekuwa umeiba kuku.

Mvua ziligoma msimu wa kwanza tukasema zimechelewa. Zikagoma wa pili, halmashauri ikatoa kanuni. Kila mtaa ukapewa siku yake ya maji. Kumwagilia maua kwa mpira, marufuku. Kuosha gari kwa mpira, marufuku, anayetaka gari safi achukue ndoo na kitambaa. Maji yaliyoosha vyombo yamalizie kazi chooni. Na mwishoni kabisa ikawekwa kanuni iliyotuchekesha mpaka tukashika mbavu: bomba lifungwe hata kama ni kavu. Tukasema hawa wamekosa cha kuandika. Kufunga bomba kavu ni kama kufunga mlango wa nyumba iliyobomoka.

Lakini fikiria kidogo. Unaamka asubuhi, unajaribu bomba kuona kama maji yamekuja. Hayajaja. Unazungusha mpini huku, kimya. Unazungusha kule, kimya. Mawazo yako yako kwenye chai, unaondoka bila kujua umeuacha mpini upande gani, maana bomba kavu lililofunguliwa na bomba kavu lililofungwa yanafanana kama mapacha. Mchana maji yanakuja, wewe uko kazini, na mgawo wa majirani zako unatiririka mtaroni kwenda kusikojulikana. Kosa hilo ndilo lililojaza mkoba wa shangazi sili. Sio wakorofi, wala sio matajiri wenye bustani. Ni watu wa kawaida waliokuwa wanawaza chai.

Adhabu ilikuwa kufungiwa bomba zamu mbili za maji, na katika muda huo unachota bomba la umma, lile la penye kona, ukipanga foleni na ndoo yako kama mtu aliyehamia jana. Hiyo ilikuwa akili ya halmashauri. Akili ya shangazi ilikuwa nyongeza aliyoipenyeza mwenyewe, na wakubwa wakaipitisha, nadhani kwa sababu kikao kilikuwa kimefika saa ya chakula: sili isikatwe mpaka wakazi wote wa nyumba husika wamepelekwa bwawani wakaone.

Kwa hiyo kila Alhamisi pikapu ya halmashauri ilipita kuwazoa waliofungiwa. Walipanda wakitaniana, wengine wamebeba karanga kana kwamba wanakwenda kutazama mpira. Bwawani wanashushwa ukingoni, mbele ya nguzo ya vipimo iliyopakwa mistari na namba. Shangazi anasimama mbele yao, anawatazama usoni mmoja mmoja, anauliza, "Maji yamefika wapi?" Lazima kila mtu ajibu kwa sauti. Basi. Hakuna hotuba, hakuna kipeperushi. Wanarudishwa mjini.

Mimi nilikuwa naita jambo hilo utalii wa bure. Nilimshauri shangazi aweke na mpiga picha. Ila nilikuwa naona watu wakirudi. Walioondoka wakipiga kelele walishuka kwenye pikapu taratibu, kila mtu akaingia kwake na kufunga mlango polepole. Povu, kijana mwenye banda la kuosha magari chini ya mtaa wetu, mtu ambaye mdomo wake haujawahi kupumzika tangu uote meno, alirudi akakaa siku nzima bila neno. Wateja wake wakampa pole, wakidhani amefiwa. Nilipomuuliza ameona nini alinijibu, "Nenda utaona." Nikasema huyu naye karanga zimemkwama.

Tuliishi watatu katika nyumba ya familia: shangazi, mimi, na Bibi, mama yake shangazi na marehemu baba yangu. Bibi alikuwa hatembei tena, nyonga zilikuwa zimestaafu, lakini ulimi ulikuwa bado kazini mchana kutwa. Kitanda chake kilikuwa karibu na dirisha la mbele. Mimi aliniita mume wangu, kama bibi wanavyowaita wajukuu wao, ila yeye aliongeza sifa. Mume wangu wa nusu diploma. Mume wangu anayeijua njia ya kwenda kwa Povu na asiyeijua njia ya kwenda kazini. Nikimletea chai baridi, anatishia talaka.

Na alikuwa na hadithi yake moja ambayo sisi wote tuliizoea kama saa ya ukutani. Eti alizaliwa bondeni, kabla bwawa halijajengwa, na huko kulikuwa na kisima cha mawe, maji yake matamu, yana ladha ya jiwe na baridi. Serikali ya wakati huo ikaziba bonde, watu wakahamishwa, maji yakapanda yakafunika kila kitu. Shangazi alizaliwa huku juu, hakukiona kisima hicho, wala baba hakukiona. Ilikuwa hadithi iliyopangwa rafu moja na ile ya mchumba wa Bibi aliyevuka mto amempanda fahali. Lakini kila tulipompa glasi ya maji ya bomba, Bibi alionja, akafikiri, akasema, "Haya siyo yake," yaani ya kisima. Halafu anakunywa yote.

Sasa, siku yenyewe.

Ilikuwa mchana, na haikuwa zamu yetu, zamu yetu ilikuwa kesho yake. Nilitoka nyumbani mapema, nikamwacha shangazi anamgeuza Bibi na kumbadilishia shuka kabla ya kwenda kazini. Kumgeuza Bibi ni kazi, maana anatoa maelekezo kama rubani. Mchana ukanikuta kwa Povu, nimekaa kwenye ndoo iliyopinduliwa, naipa nchi ushauri. Shangazi akapita katika ukaguzi wake. Akainua mpira wa Povu uliokuwa umeviringishwa ukutani, akaunusa, kweli aliunusa, kuona kama una unyevu. Ulikuwa mkavu. Povu akamwambia kwa unyenyekevu wa bandia kwamba mpira huo siku hizi anautumia kuanikia soksi.

Hapo ndipo mtaro ulipotoa sauti.

Mtaro wetu ulikuwa umekauka kiasi kwamba kuku walishaufanya barabara yao. Tukasikia mchakacho mdogo, kama mtu anakunja karatasi. Likatokea jani kavu linatembea. Nyuma ya jani kijiti cha kiberiti. Nyuma ya kijiti, ulimi mwembamba wa maji, unateremka kwa aibu, unasimama kwenye vumbi, unaongezeka, unaendelea. Fundi cherehani wa jirani akasimamisha mashine yake. Mama muuza mkaa akainuka. Ungedhani amepita mfalme. Sisi tuliozoea kupima maji kwa kikombe, tulikuwa tunatazama maji yanatembea peke yake barabarani, bila mwenyewe, na mchana kweupe.

Shangazi aliinama, akachovya kidole, akakinusa. Akainuka akatoa sili moja mkobani.

"Yanatoka juu," alisema. "Nyumba yoyote itakayokuwa, naifunga."

"Hata ya diwani?" Povu akauliza, na macho yake yaling'aa, maana diwani alikaa huko juu na alikuwa na bustani iliyobaki kijani kwa njia ambayo Mungu peke yake ndiye aliyejua.

"Diwani anakunywa kwa masikio?" shangazi akamjibu. "Nimesema yoyote."

Tukaanza kupanda. Yeye mbele, ameishika sili mkononi kama mshumaa, akifuata mtaro. Sisi nyuma, na kila mlango tuliopita ukaongeza mtu. Nakiri ilikuwa burudani. Watu walikuwa wanawekeana madau kwa kugongana viwiko. Wengi waliweka kwa diwani. Tulipofika getini kwake tulipunguza mwendo sote kwa pamoja, kama waombolezaji, lakini mtaro wake ulikuwa mkavu na maji yalikuwa yanatokea mbele zaidi, kwenye kona. Fundi cherehani akaguna kwa huzuni ya kweli.

Tukakata kona. Na hapo nikaona kitu juu ya maji. Kilikuwa kipande cha sabuni ya bluu, kimelika mpaka kimekuwa kama kucha, kinaelea na kugongana na kingo za mtaro. Mtaa mzima huogea sabuni nyeupe. Ya bluu anaitaka Bibi peke yake, kwa sababu anasema nyeupe inamkumbusha hospitali, na shangazi humnunulia soko la mbali.

Nikamtazama shangazi. Alikuwa amekiona. Hatua yake ilipungua, mara moja tu, kama mtu aliyejikwaa akataka tusione. Kisha akaongeza mwendo kuliko mwanzo.

Maji yalikuwa yanapita chini ya geti letu.

Alifungua geti, akapita uani, akazunguka hadi nyuma karibu na bafu, na umati wote ukamfuata kwa sababu hakuna aliyekumbuka kwamba hiyo ni nyumba ya mtu. Bomba la nyuma lilikuwa wazi kabisa. Lilikuwa linamwaga maji mazuri, mazima, yanayong'aa juani, yakipiga sakafu na kuruka juu, na kwa sekunde kadhaa, aibu kusema, hatukufikiria kosa wala kanuni. Tulitazama tu. Sijui mafundi walikuwa wanajaribu nini huko mjini hata wakaleta maji siku isiyo yetu. Ninachojua, kwa alivyonieleza baadaye, ni kwamba asubuhi, baada ya kumbadilishia Bibi shuka, shangazi alijaribu bomba. Akazungusha huku, kimya. Akazungusha kule, kimya. Na mawazo yake yalikuwa kwenye dawa za mama yake.

Aliunyoosha ule mkono mnene, akafunga bomba. Nikatamani kutania, nikakosa utani. Ilikuwa mara yangu ya kwanza.

Povu ndiye aliyesema. Na kumbuka, huyu alifungiwa na shangazi biashara ikadorora, akabeba ndoo mabegani kama punda, akaapa mbele yangu kwamba siku moja atacheka yeye. Aliangalia chini, akasema kwa sauti ndogo, "Mama, humu ndani kuna mgonjwa. Sisi hatujaona kitu." Wengine wakaitikia kwamba ni kweli, hawajaona kitu, na fundi cherehani akaanza hata kuondoka ili kuthibitisha kwamba hajaona.

Shangazi alikuwa anaitazama sili mkononi. Nilijua anachopima, sote tulijua. Bibi alihitaji kuoshwa kila siku, na shuka zake kufuliwa kila siku, la sivyo mgongo wake ungeanza vidonda. Maji ya hayo yote yalitoka kwenye bomba hilo. Akilifunga, anamfunga mama yake. Akiliacha, basi kesho hakuna atakayelikubali neno lake, na kila nyumba itakuwa na mgonjwa.

Kutoka dirisha la mbele tukasikia sauti ya Bibi akiuliza kuna msiba gani uani kwake, na kwa nini hawajamwambia ajitayarishe.

Shangazi akaenda dirishani. "Mama, nimeacha bomba wazi. Maji yamemwagika mpaka chini ya mtaa."

"Nimeyasikia," Bibi akasema. "Nikadhani naota."

"Natakiwa kulifunga."

"Basi lifunge. Au unajua kufunga ya wenzako tu?"

Krrk. Sijawahi kusikia sauti ndogo iliyojaa uani namna ile. Watu wakatoka mmoja mmoja, na wa mwisho alirudisha geti taratibu mpaka likashika.

Siku zilizofuata shangazi alipanga foleni bomba la umma. Alikuwa anatoka kazini na kofia ya halmashauri kichwani, anaingia nyuma ya foleni kama mtu yeyote. Walijaribu kumpisha. Alikataa. Mama muuza mkaa akamwambia apite, akamjibu kwamba akimpisha leo kesho atampisha na diwani. Mimi nilibeba madumu mpaka nikaanza kuelewa mkono wake ulivyonenepa, na Bibi alinisifu kwa mara ya kwanza katika ndoa yetu, akasema walau sasa nafanana na mwanamume kwa nyuma. Hakuna aliyemcheka shangazi. Nadhani angependa wacheke. Badala yake watu walikuwa wanamsalimia polepole, na mtaro ukabaki mkavu tangu chini mpaka juu, hata mbele ya geti la diwani, ambako maua yalianza kunyauka kama ya binadamu wengine.

Ikafika Alhamisi. Pikapu ikasimama getini, dereva wa halmashauri akapiga honi mara moja kwa heshima. Shangazi akavua kofia akaiacha mezani, akaniambia twende, sisi wawili. Nje tukamkuta Povu ameegemea pikapu, anatafuna kijiti.

"Kanuni inasema wakazi wote," Povu akasema.

Shangazi akamwambia asilete mzaha, Bibi hawezi hata kukaa. Povu akamuuliza kama kanuni imesema wasioweza kukaa wasamehewe. Shangazi ameiandika mwenyewe, anajua haisemi. Povu akaendelea, mpole kabisa, kwamba zamu yake yeye alipandishwa pikapu pamoja na baba mkwe wake aliyekuwa na plasta mguuni kuanzia nyonga hadi kidole, na mzee alikwenda akajibu, na mpaka leo anasimulia.

"Sasa sili itakatwa lini asipokwenda?" shangazi akauliza, zaidi akijiuliza mwenyewe.

Sauti ya Bibi ikatoka dirishani. "Mnabishana nini? Mimi nimeshavaa."

Kumbe alikuwa amevaa kweli. Kitenge chake cha harusi za watu, kilemba, na mafuta usoni. Nikamtazama Povu, Povu akatazama mawingu ambayo hayakuwepo. Walipanga lini hawa wawili sijui mpaka leo.

Tukalaza godoro nyuma ya pikapu. Tukambeba Bibi, mimi kichwani, Povu miguuni, yeye katikati akitoa maelekezo. Povu akamshikia mwavuli njia nzima. Shangazi alikaa pembeni ya godoro, ameshika ukingo wa pikapu kwa mkono ule wa kulia, na dereva aliendesha kama amebeba mayai ya halmashauri nzima.

Nilikuwa nimekwenda bwawani nikiwa mdogo, na nilikumbuka maji mengi yanayong'aa. Pikapu iliposimama nilidhani dereva amekosea njia.

Hapakuwa na bwawa. Palikuwa na bonde. Kubwa, kimya, limeachama, la rangi ya vyungu, limepasukapasuka vipande vipande hadi mwisho wa macho. Kwenye kuta zake kulikuwa na mistari, mmoja chini ya mwingine, kila mstari mahali maji yaliposimama kidogo yakafikiri kabla ya kuondoka. Nguzo ya vipimo ilisimama kwenye udongo mkavu, na namba zake za chini hazikuwa na cha kupima. Mbali huko chini, katikati, palikuwa na maji. Ukiunyoosha mkono, kiganja kinayafunika yote. Hayo ndiyo yalikuwa yanaunywesha mji mzima, na hospitali, na shule, na sabuni ya bluu. Nikakumbuka mchakacho wa mtaroni. Hapo nikajua kwa nini Povu alinyamaza.

Shangazi alikuwa bado ameyapa maji mgongo. Ndipo nikang'amua: katika Alhamisi zote alizowaleta watu, alisimama hivyo hivyo, akitazama nyuso. Aliyajua maji kwa kuyasoma machoni mwa wenzake. Alikuwa hajawahi kugeuka.

Siku hiyo hakuweza kujiuliza mwenyewe. Dereva akakohoa, akavua kofia, akauliza kwa niaba yake. "Mama, maji yamefika wapi?"

Aligeuka. Alitazama muda mrefu. Mkono ule mnene ukapanda ukafunika mdomo. Alipoushusha alisema, "Chini ya nguzo. Hayafiki nguzoni." Sauti yake ilikuwa ya mtoto. Dereva akaniuliza mimi, nikajibu hivyo hivyo, bila nyongeza.

Kisha dereva akakunja uso, akanyoosha kidole. "Kile hakikuwepo wiki iliyopita."

Karibu kabisa na ukingo wa maji, palipokuwa bado pabichi, palichomoza duara la mawe.

Tulimgeukia Bibi sote. Mimi na Povu tukamwinua, nikamwegemeza kifuani kwangu, kilemba chake kikanigusa kidevu. Aliangalia. Hakushangaa hata kidogo. Aliangalia kama mtu aliyerudi nyumbani akakuta kiti chake mahali alipokiacha, na sisi ndio tuliokuwa wageni.

"Nenda kaguse mawe yake," akamwambia Povu. "Utaniambia."

Povu akateremka, akawa mdogo, akawa mdogo zaidi. Tukamwona anainama. Alipopanda tena, suruali yote tope, alikuwa anahema na macho yamemtoka. Akasema mawe ya mdomoni yana michirizi, ya kamba, mirefu, kidole kinazama. Iko mingi upande mmoja. Na upande wa pili uko mmoja, peke yake.

"Huo ni wetu," Bibi akasema. "Mimi na mama yangu tulivuta kwa mkono wa kushoto. Wenzetu walisimama kule, sisi huku."

Akauinua mkono wake wa kushoto kuuonyesha, na nikaona, nilivyoishi naye miaka yote hiyo, kwamba ule mkono ulikuwa mnene kuliko wa kulia. Shangazi naye aliuona. Akausogeza wake kando ya wa mama yake, akaiangalia yote miwili.

Dereva alikuwa na kazi yake ya kumaliza. Akakohoa tena, safari hii kwa shida. "Bibi, samahani. Kanuni. Maji yamefika wapi?"

Bibi hakuitazama nguzo. "Yamefika pale tulipoyaacha," akasema.

Dereva akamtazama shangazi, kwa sababu jibu linalotakiwa ni la nguzo. Shangazi alijifuta uso kwa ncha ya khanga. "Limepokelewa," akasema.

Zamu ya pili ilipopita, Povu alikuja na koleo. Shangazi alikataa kukata sili yake mwenyewe, akasema aliyefungiwa hajifungui. Povu akaikata kwa madaha, akainama kushukuru kama msanii jukwaani, halafu akatoa mfukoni kichupa cha rangi nyekundu, ile ya kuziba mikwaruzo ya magari. Akasubiri. Siku hiyo ilikuwa siku yetu, na mchana maji yakaja. Shangazi akafungua, akafunga mpaka tone la mwisho likakata, na hapo Povu akapiga mstari mmoja mwembamba kutoka kwenye mpini mpaka shingoni mwa bomba. Mstari ukinyooka, limefungwa. Ukikatika, liko wazi, maji yawepo yasiwepo. Jioni fundi cherehani akaja kuomba rangi. Kesho yake mama muuza mkaa. Wiki ile ile nikamwona mtunza bustani wa diwani anapita na kichupa.

Lakini shangazi alipofungua nilikuwa nimekinga glasi ya kwanza, na kabla ya rangi kukauka nikampelekea Bibi kitandani. Alionja. Akafikiri, kama kawaida yake, huku shangazi amesimama mlangoni na mimi nimeshika sahani.

"Haya ndiyo yake," akasema.

Akayanywa yote, akanirudishia glasi. Shangazi akaondoka mlangoni, akaenda nyuma ya nyumba kuangalia mstari.